Msalaba wa tochi ulikuwa juu ya gari gani?

Hivi karibuni nilikuwa kiti cha mbele kwenye IST ya shemeji yangu, tukiwahi mazishi mkoani. Tulikuwa tumeshapita vijiji vinne au vitano tangu alfajiri, ndipo askari wa sare nyeupe akainua mkono. Shemeji akasogea pembeni, akashusha kioo.

"Habari za safari, dereva."

"Salama, afande."

"Kwenye hamsini umepita na sitini na moja."

Akamwonyesha simu. Ilikuwa picha aliyorushiwa na mwenzake aliyebaki nyuma na tochi, kile kifaa cha mkononi cha kupima mwendo wa magari. Ilionekana IST yetu, na ubavuni mwake Fuso la nyanya likitupita. Pembeni ya picha, namba 61. Shemeji akaitazama kwa muda. "Afande, hii sitini na moja ni yangu au ya Fuso?" Askari, kwa upole kabisa, akamuuliza kama anakubali kosa au anataka kwenda mahakamani. Watu watatu waliokaa nyuma wakajibu kabla yake: "Lipa twende!"

Akaandikiwa elfu thelathini, tukaondoka.

Hiyo "lipa twende" ndiyo inayonifanya niandike. Dereva anayekataa kosa la tochi huonekana mbishi, mtu anayejifanya mwanasheria, au mtu asiye na kazi ya kufanya. Mimi naona tunamwonea.

Kwanza niwape haki yao wanaolipa, maana hesabu iko upande wao. Kesi husikilizwa kwenye eneo la kosa, si mahali unapoishi. Ukikamatwa Singida nawe unaishi Dar es Salaam, hizo ni karibu kilomita 700 za kwenda, na kesi ikiahirishwa mara moja tu utazirudia. Nauli, chakula, kulala na siku mbili za kazi zinaimeza elfu thelathini mara kadhaa. Mahakamani nako hakimu hafungwi na kiwango cha askari wa barabarani. Ukitiwa hatiani unaweza kutozwa zaidi. Kwa dereva wa basi au wa lori la tajiri mambo ni magumu zaidi, kwa sababu bosi anataka gari lifike, hataki kusikia habari za shauri.

Jingine ni kwamba mwendo unaua kweli. Nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na spidi. Gari lililo kwenye 80 linabeba nguvu mara mbili na nusu ya lile lililo kwenye 50, na kibao cha 50 kimewekwa pale kwa sababu watoto wanavuka kwenda shule. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipungua kwa asilimia 5 tu, ajali za vifo zinaweza kupungua kwa asilimia 30. Mtu aliyepita kijijini na 85 akijua kabisa, kisha akaenda mahakamani kutafuta upenyo, sina neno la kumtetea. Alipe.

Lakini shemeji yangu hakuwa huyo, na wengi wanaolipa si hao. Ni watu wenye shaka ya kweli, wanaolipa kwa sababu wana haraka. Chini ya kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, faini ya papo kwa papo ni kwa ajili ya mtu anayekubali kosa. Ni hiari. Anayekataa anapelekwa mahakamani, na huko Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumchukulia mshtakiwa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Kwa hiyo askari aliyemuuliza shemeji hakuwa anamtisha; alikuwa anamweleza haki yake. Sisi tuliokaa ndani ya gari ndio tuliogeuza swali lile kuwa tishio.

Na kuna cha kuuliza mahakamani. Tochi nyingi za siku hizi zenye kupiga picha hutumia leza. Mwale wake ni mwembamba, lakini si uzi. Kwenye vifaa vingi hupanuka kama mita 1 kwa kila mita 300. Kwa mita 300 askari anaweza kulenga pua ya gari moja bila wasiwasi. Kwa mita 900 mwale una upana wa karibu mita 3, na IST haifiki hata mita 2. Fuso likiwa ubavuni, mwale huo unaweza kugusa yote mawili. Ndiyo maana picha kamili huwa na alama ya msalaba inayoonyesha mwale ulitua wapi, pamoja na umbali wa kitu kilichopimwa. Hivyo viwili, msalaba na umbali, ndiyo kesi yenyewe. Picha iliyokatwa, ikabaki gari na namba tu, inathibitisha kwamba ulipita barabarani siku ile. Haithibitishi kwamba 61 ni yako.

Picha hiyo imefikaje kwenye simu ya askari wa pili? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime ushahidi wa namna hii kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa, na kama haukuguswa njiani. Aliyepiga picha ndiye shahidi, kwa hiyo una haki ya kumuuliza alisimama wapi, kibao kilikuwa wapi, na tochi ilihakikiwa lini. Hata mizani ya bucha tunaitafutia stika ya Wakala wa Vipimo kabla ya kukubali kilo. Kuomba cheti cha tochi si ukaidi.

Hapa lazima niseme na yasiyomfaa dereva. Askari akisimama pembeni ya barabara badala ya mbele yako, pembe ile hupunguza kipimo, haikiongezi, kwa hiyo hoja ya "alikuwa kichakani" haikusaidii kwenye hesabu ya spidi. Na ukisema "spidi yangu ilisoma hamsini", ni kweli kwamba watengenezaji huipanga mita ya spidi isome juu kidogo ya mwendo halisi, lakini kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, inakudanganya kwa upande wa pili.

Mfano nisioweza kuuacha ni wa Melbourne, Australia, mwaka 2003. Kamera ya barabara ya Western Ring Road ilimwandikia mtu kwamba alikuwa kwenye 158. Gari lenyewe lilikuwa Datsun 120Y ya miaka ya sabini, gari ambalo wazee wetu wanalijua vizuri sana. Mwenye gari akakataa. Gari likajaribiwa, likakanyagwa hadi mwisho, likaishia 117. Kamera zikachunguzwa, zikaonekana haziaminiki, na mwaka uliofuata serikali ya jimbo la Victoria ikafuta na kurejesha faini za makumi ya maelfu ya madereva na kulipa fidia, kwa gharama ya takriban dola milioni 26 za kule.

Nimekuwa nikiwafikiria sana hao makumi ya maelfu. Wengi wao walilipa kimya. Bila shaka wapo waliojiambia kwamba labda mguu uliteleza, mashine haiwezi kukosea. Hawakuwa wajinga, kila mmoja alipiga hesabu yake peke yake na hesabu ikamwambia alipe. Mmoja alikuwa na gari bovu kiasi kwamba uongo wa kamera haukuweza kujificha, naye akasimama. Najua zile zilikuwa kamera zilizofungwa barabarani, si tochi ya mkononi, na sisemi tochi zetu ni mbovu. Nasema kifaa ambacho hakuna anayekihoji mahakamani hakuna ajuaye ubora wake, hata askari mwenyewe anayekishika kwa nia njema. Anayekataa kosa akiwa na shaka ya haki anafanya ukaguzi ambao sisi wengine tunafaidika nao bila kulipa nauli.

Kwa hiyo nikiulizwa, swali langu la kwanza si elfu thelathini. Je, picha inaonyesha msalaba juu ya gari lako peke yake, na umbali umeandikwa? Kama ndiyo, na kibao ulikipita, lipa, upunguze mwendo. Kama kulikuwa na gari jingine ubavuni, na mahakama iko mahali unapoweza kufika, kataa kosa kwa adabu. Kabla hujaondoka omba kuipiga picha ile picha, uandike saa, na upime kwa macho kibao kiko wapi. Kwa aliyekamatwa kilomita 700 kutoka kwake, siwezi kumlaumu akilipa, ila hayo maandishi ayafanye hata hivyo.

Usiku ule, tumekaa kwenye mkeka msibani, nilimuuliza shemeji msalaba ulikuwa juu ya gari gani. Alifikiri sana. Nyanya za kwenye Fuso alizikumbuka, na 61 aliikumbuka. Msalaba hakukumbuka kama aliuona.