Eti Kaole ni magofu

Jamani kuzeeka hakupigi hodi. Nimeingia saluni pale Mwanjelwa nipunguze nywele tu, TV ya ukutani inaonyesha tamthilia ya Kituruki, Mturuki anaongea Kiswahili kimenyooka kunizidi mimi, nikasema zangu kwa nia njema, "Hawa kwa Kaole hawaoni ndani."

Kinyozi kazima mashine. "Kaole? Si yale magofu ya Bagamoyo, mzee?"

Mzee! Nikajikusanya, nikamwelewesha kwa heshima zote za mtu mwenye familia, kijana, magofu yapo sawa, ila kulikuwa na Kaole Sanaa Group, ITV, miaka ya 2000 mwanzoni, kina Kanumba na Ray wametokea mule. Dogo mmoja kwenye benchi akadakia, Kanumba anamjua, yule wa muvi, ila hiyo Kaole natunga. Natunga! Nikauliza Swebe je? Kimya. Muhogo Mchungu? Wakacheka, wakadhani naagiza chakula. Isidingo? Kinyozi, kichwa changu kakiacha kama shamba la viazi lililovunwa upande mmoja, ananiuliza hiyo ni dawa ya nini. Tamthilia ya Sauzi ile, imeanza 1998 ikaja kufa 2020, mtu kazaliwa kasoma kamaliza chuo haijaisha, halafu dawa! Nikasimama na shuka lao shingoni nikaanza kumuigiza Cherel anavyomkazia macho Barker, mama mmoja aliyemleta mtoto kunyolewa akambeba wakaondoka.

Babu wa kwenye kona akanitetea: "Namkumbuka huyo Cherel, si yule wa Ze Comedy?" Bora angenyamaza. Ze Comedy yenyewe, kile kipindi cha vichekesho cha kina Joti, hawaijui, Joti kwao ni mtu wa matangazo.

Tatizo hawa hawajashika antena. Hawajasimama Uyole kwenye ukungu wa mwezi wa sita, mlingoti mkononi, vidole havina habari, ndani wanapiga kelele "hapohapo! aaah, umeipoteza, rudisha!" unarudisha, chenga tupu, ukija kuingia ndani wanasoma majina ya waigizaji. Analojia ikazimwa Mbeya 2013, haya, picha kali, ila na nani sasa? Kwangu kila mtu na simu yake na hedifoni anacheka peke yake, ukimuuliza unacheka nini, "hamna baba". Hamna nini!

Na yule mama jirani mwenye TV ya Great Wall enzi hizo, hafungui mlango mpaka tumchotee maji, ndoo ya mtu mzima, na Kaole ikianza tu anatangaza wenye miguu michafu watoke nje, anatuangalia sisi. Juzi kanipigia nikamtengenezee king'amuzi. Nimeenda, jirani ni jirani, nikakihangaikia weee, kumbe kizima, kifurushi ndo kimeisha. Eti mwanangu si unilipie tu hapo kwenye simu yako.