Taroti kati ya daftari na ramli

Mcheza karata yeyote wa Unguja au Mombasa huyataja bila kufikiri: kopa, uru, pau, shupaza. Majina haya tuliyapata kwa Wareno, na kwao yana maana ya wazi. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo, espadas ni panga. Ukifungua kwa mara ya kwanza pakiti ya taroti, zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kupigia ramli au kujitafakari, utakuta vitu hivyohivyo vimechorwa: vikombe, sarafu, fimbo na panga. Hata turufu yetu ina undugu nayo. Zile karata 22 za pekee zilizomo kwenye taroti Waitaliano waliziita trionfi. Kwa Wareno neno likawa trunfo, na kwetu turufu.

Naanzia hapo kwa sababu kila ninaposikia taroti ikijadiliwa, wenye kuilaani na wenye kuitukuza wote huipa ukubwa usio wake. Mmoja atakwambia ni mlango wa mashetani, mwingine atakwambia ni elimu ya siri ya makuhani wa Misri. Kumbukumbu zinaonyesha mchezo. Karata hizi 78 zilianza kuchezwa kaskazini mwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na Wafaransa wanazicheza mpaka leo kama sisi tunavyocheza zetu. Habari ya Misri ililetwa mwaka 1781 na Mfaransa Antoine Court de Gébelin, aliyeandika kwamba michoro ile ni mabaki ya kitabu cha kale cha mungu Thothi. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Msomi Mfaransa Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822, na hakuna kitabu hicho kilichoonekana. Muda mfupi baada ya Court de Gébelin, wapiga bao wa Paris walikuwa wameshazigeuza karata kuwa kazi.

Matumizi tunayoyaona sasa, ya mtu kuvuta karata moja asubuhi na kujiuliza hali yake, yanategemea zaidi kazi ya mwanamke mmoja. Mwaka 1909, London, msanii Pamela Colman Smith alichora pakiti nzima kwa maelekezo ya mwandishi Arthur Edward Waite. Kabla yake, katika pakiti nyingi, karata ya vikombe vitano ilikuwa ni vikombe vitano tu vilivyopangwa kama mapambo. Yeye aliweka watu ndani: wanaolia, wanaobeba mizigo, wanaogombana, waliolala. Mtu akiona mtu mwenzake pichani, hadithi huanza yenyewe.

Niliyaona hayo kwa rafiki yangu wa Dar es Salaam aliyefunga duka lake la vitenge. Binamu yake alimletea pakiti hiyo kutoka Uingereza, akawa anavuta karata moja kila asubuhi na kuandika nusu ukurasa kwenye daftari la shule. Siku moja alinionyesha ukurasa wa vikombe vitano. Pichani mtu aliyevaa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake vimesimama viwili, na mbele kuna mto, daraja na nyumba. Rafiki yangu alikuwa ameorodhesha vitatu vyake: kodi ya fremu, mkopo wa kikundi, mzigo uliochelewa mpaka msimu ukapita. Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Hivi viwili vya nyuma sikuviona mpaka leo, siku ya tatu." Akaandika tena: cherehani, na namba za wateja ambazo hajazifuta.

Karata haikujua lolote kuhusu cherehani. Hapa ndipo wakosoaji wana hoja nzito, na sidhani inafaa kuikwepa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer, huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayapime usahihi kuanzia 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yamenukuliwa kutoka kitabu cha unajimu cha mitaani. Kwa hiyo mtu akikwambia "ile karata ilinisema mimi kabisa," ushahidi alionao ni dhaifu sana. Zaidi ya hapo, karata hizi hazishindwi kamwe. Ukiuliza kuhusu karata ya Kifo, yule mifupa mitupu juu ya farasi mweupe, utaambiwa inamaanisha mabadiliko. Ishara inayoweza kumaanisha lolote haikupi habari yoyote.

Lakini jaribio la Forer lilipima maneno ambayo watu walipewa. Daftari la rafiki yangu lina maneno aliyoyatoa mwenyewe, na ukurasa ule wa fremu na mzigo haumfai mtu mwingine yeyote mjini. Hapo tuna ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda hospitali ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo, ila ipo.

Basi karata ya nini, si uandike tu? Swali hilo nimelizungusha sana. Nadhani jibu liko kwenye bahati nasibu yenyewe: mtu akijichagulia la kuwaza, huchagua lisilouma. Karata iliyochangwa vizuri inamlazimisha aanzie mahali ambapo asingekwenda. Manufaa ni hayo, na si madogo kwa mtu aliyezoea kujikimbia. Lakini bahati nasibu hiyohiyo inaweza kumfunulia mtu mwenye msongo, saa nane za usiku, karata ya mnara uliopigwa radi na watu wakianguka vichwa chini. Mtu wa namna hiyo anahitaji mtu wa kukaa naye, na mshauri wa afya ya akili kama yupo.

Karata za ujumbe, ambazo kila mtengenezaji hujipangia idadi na picha zake, zinajaribu kuepuka hofu hiyo kwa maneno laini: umelindwa, jiamini, achilia. Mimi naziona pungufu. Zinambembeleza mtu, na vile vikombe vilivyomwagika havimo. Doreen Virtue, Mmarekani aliyejulikana sana kwa karata za malaika, aligeukia Ukristo mwaka 2017 na kuzikataa karata hizo hadharani.

Sasa upande unaonitia wasiwasi kuliko yote. Rafiki yangu huyohuyo, mambo yalipozidi kubana, alimlipa mtu amsomee karata kwa simu. Akaambiwa: kuna mwanamke wa damu yako anakufungia riziki. Ana dada mmoja tu. Walikaa miezi mitano bila kusemezana.

Sisi jambo hilo tunalijua na tuna jina lake: ramli chonganishi. Limevunja ndoa, limeua vikongwe, na Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Anayedhani picha nzuri zilizochapishwa Ulaya haziwezi kufanya kazi ya kibuyu hajaisikia simu ile.

Mpaka kati ya matumizi haya mawili, kwa maoni yangu, unasikika kwenye kitenzi. "Naogopa nini?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa kujichunguza. Likishaingia -ta-, "nitapata kazi?", "atarudi?", aliyeshika karata hana njia ya kujua, na mwenye kujibu anabuni. Mbaya zaidi ni pale anayezungumziwa ni yeye, mtu wa tatu asiyekuwepo kujitetea: ananionea wivu, amenifunga. Kwenye daftari vitenzi vilianza na ni- au si-. Kwenye simu, vilianza na a-.

Waislamu wengi watanikumbusha aya ya 90 ya Surat al-Maida, inayotaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari. Wakristo watataja Kumbukumbu la Torati sura ya 18 na yule "atazamaye bao". Siwezi kumwambia muumini kwamba hiyo ni saikolojia tu, atulie. Makatazo hayo yanahusu mahali ambapo mtu anaelekeza uso wake anapokwama, na tabia hujengeka: anayeanza kwa karata ya asubuhi anaweza kufika mahali hasafiri bila kuivuta. Kwa mwenye imani hiyo, daftari linatosha, na swali anaweza kuulizwa na mtu anayempenda.

Rafiki yangu ameendelea na karata, ila simu ile hajaipiga tena. Ukurasa wa mwisho alionisomea aliuandika alipovuta panga tatu, moyo mwekundu uliochomwa katikati na mvua nyuma yake. Hakuandika maana yake. Aliandika yale aliyomtamkia dada yake siku ile, neno kwa neno, kisha tarehe ya basi la kwenda Tanga.