Chai ya Tangawizi kwenye Friwili

Siku nilipomwambia mama kwamba hapa Minneapolis naenda kazini kwa baiskeli, alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaniuliza kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa: "Ya kukodi?" Nikamwambia ni yangu, nimenunua. "Sasa mwanangu, si ungebaki na ile uliyoiacha hapa uani? Kuku wanaitagia kwenye kikapu."

Habari ya baridi sikuigusia kabisa. Mama yuko Ngamiani, Tanga, na kwetu usiku wa Julai ukishuka mpaka nyuzi 20 watu wanatoa masweta na kuulizana kama mwaka huu kuna jambo. Sasa utamwelezaje mtu huyo nyuzi 33 chini ya sifuri? Ataona umeanza kuvuta kitu.

Nami sikuanza kwa ushujaa, nilianza kwa ubahili. Mwaka wa kwanza nilisema nitaendesha mpaka theluji ya kwanza, kisha nipande basi kama binadamu wengine. Theluji ya kwanza ikaanguka, nikasema mpaka ya pili. Nikanunua tairi zenye vinjumu vya chuma, zile ambazo juu ya barafu zinalia kama vitumbua kwenye mafuta, na ukishatoa hela kwenye tairi hizo huwezi tena kurudi kwenye basi. Utakuwa umezinunulia nini?

Njia yangu ni Midtown Greenway. Zamani ilikuwa reli, imechimbwa chini ya usawa wa mji kama mfereji, karibu kilomita 9. Magari yanapita juu kwenye madaraja, wewe uko chini na baiskeli yako. Theluji wanaikwangua mapema, mara nyingine kabla ya mtaa ninaokaa. Kiangazi utakuta humo kila aina ya kiumbe: watoto, mbwa, wazee wa mbio waliobanwa na suruali. Januari tunabaki wachache, na hao wachache wana adabu zao.

Kwanza, hatusemeshani. Mdomo umezibwa, na ukipumua ovyo miwani inapata ukungu. Salamu ni kuacha kukanyaga, kunyoosha mgongo, kushusha kidevu na kuinua kidole kimoja. Pili, ukimkuta mwenzako amesimama kando ni lazima upunguze mwendo umuulize kama yuko sawa, hata kama unaona wazi kwamba anafuta kamasi tu. Tatu, na hii haijaandikwa popote, hakuna anayemjua mwenzake kwa sura. Hatujawahi kuonana sura. Mimi nilikuwa na majina yangu ya kuwapa. Bwana Ndevu, mwenye baiskeli ya matairi manene kama ya trekta, ndevu zake zikiganda zinakuwa kama chicha la nazi lililosahauliwa kwenye kifumbu. Na Miwani, ambaye kila asubuhi tulipishana, yeye akienda ninakotoka, miwani kubwa ya kioo cha rangi ya chungwa, koti jeusi mpaka magotini. Miaka miwili tunainuliana kidole. Niliamini kabisa ni Mzungu wa makamo, pengine mhandisi.

Sasa ikaja Jumatano ya tarehe 30 Januari 2019. Baridi ilikuwa imeshuka kutoka kaskazini ya mbali huko, shule zimefungwa, na hata posta ya Marekani, ambayo watu huisifu kwamba haizuiwi na mvua wala theluji, ilisitisha kupeleka barua Minnesota nzima. Bosi wangu alisema asiyeweza kufika apige simu tu, ataeleweka. Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nikafikiria kesho yake nitakavyokaa jikoni kazini nikiulizwa ulifikaje, na mimi nijibu bila hata kuinua kichwa: kwa baiskeli.

Mwenzangu tunayeishi naye ni Mchaga. Kwa kuwa amekulia chini ya Kilimanjaro anajihesabu mtaalamu wa theluji, ingawa theluji yenyewe alikuwa akiiona kwa mbali kama sisi wengine tuonavyo mwezi. Alinitazama nikivaa soksi tatu, mfuko wa plastiki juu yake, kisha kiatu. Akanywa uji wake taratibu. "Ukifa," akasema, "ile pampu naichukua mimi."

Nilibeba chupa ya chai. Chai yenyewe, siyo majani ya kuning'iniza kwenye uzi: maziwa, tangawizi, hiliki, sukari ya kutosha.

Kilomita tatu za kwanza nilikuwa mfalme. Ya nne, miguu ikawa inazunguka bure. Nakanyaga, pedali zinakwenda, cheni inakwenda, baiskeli imesimama. Nilikuwa kama fundi cherehani aliyekatikiwa mkanda asijue. Niliyajua maradhi hayo kwa kusimuliwa: ndani ya friwili, ile ya gurudumu la nyuma inayovutwa na cheni, kuna vidole vidogo vya chuma vinavyosimama kulishika gurudumu unapokanyaga. Baridi ikizidi, grisi inakuwa ngumu kama nta, vidole vinalala na haviamki. Nikatoa simu niombe msaada. Simu ilitoka nyumbani na chaji asilimia 80. Ilinionyesha picha ya mama yangu mara moja, ikazima.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wazoefu humwagia maji ya moto.

Ndugu msomaji, jamaa walisema maji. Mimi nilichokuwa nacho kilikuwa cha moto, na kwa akili iliyokuwa imebaki kichwani saa ile nikaona moto ni moto. Nikainamisha baiskeli, nikafungua chupa, nikamimina nusu. Mvuke ukapanda! Kwa dakika moja ule mfereji ulinukia kama mgahawa wa stendi saa kumi na mbili asubuhi. Kilichokosekana ni chapati na konda anayeita abiria. Na friwili ikaitika: tak! Nikapanda huku nacheka peke yangu.

Nilikwenda kama mita 200. Kisha chai nayo ikaganda. Nilipochungulia, katikati ya gurudumu la nyuma palikuwa na barafu ya rangi ya kahawia, imetuna vizuri, kama zile za vifuko tulizokuwa tukinunua getini shuleni. Kutoka friwili iliyoganda nilikuwa nimejipatia friwili iliyoganda yenye sukari.

Bwana Ndevu akatokea na trekta lake, akapunguza mwendo kama sheria inavyotaka. "Uko sawa?" Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Nilitegemea radi, ikatoka sauti nyembamba ya mtoto wa chuoni anayesoma alifu kwa kijiti. Akainama, akanusa.

"Hii nini?"

"Chai."

"Ina maziwa?"

"Ina maziwa."

Hakusema kitu. Alinyamaza kama daktari anayesoma majibu yako huku wewe unamsoma uso. Kisha akatoa begini zile kamba za plastiki zenye meno ambazo mafundi umeme hufungia nyaya, akafunga gurudumu la meno la nyuma kwenye spoku, nne, tano, akazikaza kwa koleo. "Sasa kila kitu kinazunguka pamoja," akasema. "Usiache kukanyaga. Hata kidogo. Ukiacha, cheni italegea na..." Akageuza kiganja juu chini, kama samaki aliyekufa. Nikamkaribisha chai. Akaitazama ile barafu ya kahawia, akanishukuru, akaondoka.

Nikaanza safari, nakanyaga. Nimechoka, nakanyaga. Kamasi zinatiririka, nakanyaga. Chini ya daraja giza, nakanyaga. Na inaenda vizuri tu! Nikaanza hata kupanga nitakavyowasimulia kazini, nikitoa ile sehemu ya maziwa.

Kisha mbele yangu, kwenye kona ya taa, nikaona kioo cha rangi ya chungwa. Miwani! Siku ambayo hata barua hazitoki, Miwani yuko njiani. Nilijawa na furaha ya kweli, na mwili ukafanya ulichozoea kwa miaka miwili. Nikaacha kukanyaga, nikanyoosha mgongo, nikashusha kidevu, nikainua kidole.

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia. Krrrak! Cheni ilijikunja, ikaingia kwenye spoku, gurudumu la nyuma likagoma. Kando ya njia palikuwa na tuta la theluji lililoachwa na mashine ya kukwangua, nami nililiingia kwa kichwa. Kidole, naambiwa, kilikuwa bado kimeinuliwa.

"Mama yangu weee! Nakufa ugenini!" Nilipiga yowe hilo ndani ya theluji, nikidhani nalisikia peke yangu.

Mtu akanishika mguu, akavuta. Kiatu kikatoka. Akavuta mguu mwingine. "Ngoja, usirushe mateke! Aki pole. Pole sana. Umeumia wapi?"

"Kiunoni," nikajibu.

Nikatoka, nikakaa chini, naye akanirudishia kiatu. Tukatazamana. Upepo ukavuma. Nadhani zilipita sekunde tano kabla ya sisi wawili kugundua ni lugha gani tulikuwa tunazungumza.

Akapandisha miwani kwenye paji la uso. Alikuwa dada wa makamo yangu, macho mekundu ya zamu ya usiku. Wa Kisii, muuguzi, anarudi nyumbani kulala.

"Miaka miwili," nikasema.

"Miaka miwili! Na mimi nilidhani wewe ni mzee."

"Kwa nini mzee?"

"Ni vile unaendesha." Akanikagua kiuno kwa kunibonyeza juu ya makoti manne, akaona nitapona. "Nyumbani wanajua niko na gari," akaongeza, kana kwamba nimemuuliza. "Niko nalo. Limekataa kuwaka tangu Jumatatu. Usiniseme kwa watu wa kanisa."

Tukaokota baiskeli yangu. Ilikuwa haiendi tena hata kwa maombi. (Kazini nilifika kwa basi, saa moja na nusu baadaye. Na mwezi wa Aprili fundi alipoifungua friwili alirudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa ndani mlikuwa na mtindi.) Dada akaishika upande wa nyuma anisaidie kuipandisha mtaani, ndipo uso wake ukakaribia gurudumu.

"Hii ni nini imeganda hapa?"

"Chai."

"Chai ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Ulimwaga chai ya maziwa kwa baiskeli." Hakuwa anauliza. Alitazama juu, kwenye daraja, kama anayemwonyesha Mungu ushahidi. "Watu wa Tanzania! Imebaki?"

Ilibaki nusu chupa. Tukasimama chini ya daraja tukiteremsha vitambaa vya mdomoni kwa zamu, mmoja anakunywa kwenye kifuniko, mwingine ameshika baiskeli mbili. Yeye alikunywa kidogo, akaishikilia mdomoni, akafikiri, akameza.

"Kesho ukibeba, ongeza tangawizi," akasema, akivaa miwani yake. "Hii ni nyepesi, kaka. Ndiyo maana friwili haikuamka."