Kusini Tumewasahau Wanadiplomasia wa Vita

Ninaishi Uppsala, Sweden, mji alikokulia na alikozikwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akienda kutafuta usitishaji wa mapigano ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo. Sura yake imo kwenye noti ya kronor 1,000, na majirani zangu, hata wasiojali siasa, wanajua kwamba kazi yake ilikuwa kusema na wanaopigana. Nikirudi kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, ubalozi husikika ukitajwa kama kazi ya suti na safari, jambo ambalo hunisikitisha sana.

Benjamin Mkapa tulimzika kijijini kwake Lupaso, Masasi, Julai 2020 tukimlilia kama Rais mstaafu, na ilikuwa haki yake. Hata hivyo, nusu ya utumishi wake hatuisimulii. Mwaka 1976 alikwenda kuiwakilisha Tanzania nchini Nigeria, miaka sita tu baada ya kumalizika kwa vita vya Biafra, eneo lililojaribu kujitenga na Nigeria, na Tanzania ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra mwaka 1968. Sidhani kama mtu anayepelekwa kwa serikali yenye kidonda cha namna hiyo ana mtaji mwingine zaidi ya subira na ulimi wenye staha. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita tunavikumbuka kwa mizinga na kwa kutekwa kwa Kampala Aprili 1979. Tunachosahau ni kwamba Julai mwaka huo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia, Tanzania ililaumiwa waziwazi na Sudan na Nigeria ileile kwa kuingiza jeshi katika nchi jirani. Ushindi wa vitani ulibaki kutetewa kwa maneno, mbele ya marafiki.

Sweden haijapigana vita tangu mwaka 1814, kwa hiyo inaweza kumuenzi mpatanishi kwa utulivu. Kwetu vita vilipita uani. Wakimbizi kutoka Msumbiji walipewa makazi Rutamba, Lindi, na wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Nachingwea. Mzee mmoja wa huko, ambaye ujanani aliwauzia mihogo mikavu, aliwahi kunieleza jinsi walivyopima kwa kopo na kulipa bila kubishana, lakini nilipomuuliza ni nani aliyekuwa akiitetea kambi ile nje ya nchi, alinyamaza kwa muda, kisha akasema labda Nyerere peke yake. Simlaumu, kwa maana asiyekuwapo na lake halipo, na hakuna aliyemletea habari hizo.

Bernard Membe wa Rondo, Lindi, naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2013, wanajeshi wetu walipokwenda mashariki mwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa kupambana na waasi wa M23. Vijana wa Lindi wanamjua zaidi kwa siasa za uchaguzi.

Ningependa shule kama Ndanda, alikosoma Mkapa, ziwaalike makarani, wakalimani na madereva waliotumikia balozi zetu miaka ile, wahojiwe na kurekodiwa kwa Kiswahili. Wengi wao ni wazee sasa, na kazi hiyo ianze mwaka huu.