Chrome au Firefox: swali la Ng'ong'ona na kompyuta ya steshenari

Steshenari za Ng'ong'ona, pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, zimebanana mlango kwa mlango. Humo watu huprinti, huskani, hujaza fomu za mkopo wa elimu ya juu na kutuma maombi ya kazi. Mimi ni fundi wa kompyuta za maduka hayo na za wanafunzi waliopanga jirani, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Kaka, nitumie kivinjari gani nisipate virusi?"

Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti, na swali hilo lina kambi mbili. Ya kwanza inasema baki na Chrome ya Google, kampuni yake ni kubwa na ulinzi wake ni mkubwa. Ya pili inasema hamia Firefox, weka kizuia matangazo, utalala usingizi. Nimewasikia vijana wakibishana kwa hilo mpaka chai ikapoa. Kila kambi ina ukweli wake, na nitaupima hapa. Lakini hatari kubwa ya mtu wa Dodoma naiona mahali ambapo kambi zote mbili hazijaangalia: kwenye bando lake, na kwenye kompyuta anayoiazima kwa dakika kumi.

Nianze na watetezi wa Chrome, maana mara nyingi wanadharauliwa bila kusikilizwa. Kivinjari ndiyo programu inayopokea vitu vya watu usiowajua kutwa nzima. Kila ukurasa unaoufungua unaleta msimbo wake, yaani maagizo ya programu, na kuuendesha ndani ya mashine yako. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni jinsi kivinjari kinavyoufungia msimbo huo. Chrome ilianza mwaka 2018 kuweka kila tovuti katika chumba chake kwenye kompyuta, ili ukurasa wa udaku usichungulie ukurasa wa benki uliofunguliwa pembeni. Firefox ilifika hapo mwaka 2021. Tena tangu Agosti 2023 Google hutoa viraka vya usalama vya Chrome, yaani marekebisho ya kuziba matundu, kila wiki. Mtu asiyejua kompyuta hata kidogo, ambaye hatagusa mpangilio wowote maishani, Chrome inamlinda vizuri. Hilo halina ubishi.

Ule ukurasa mwekundu unaokuonya kwamba tovuti ni ya hatari, ambao watu wa Chrome hujivunia, hauwatofautishi na wengine. Firefox nayo huchota orodha ileile ya Google.

Wa Firefox wana hoja moja nzito, nayo ni matangazo. Kaa karibu na mwanafunzi anayetafuta programu ya kugeuza PDF kuwa Word. Anaandika, matokeo yanakuja, na mstari wa kwanza ni tangazo lililolipiwa. Anabofya. Ukurasa unafunguka ukiwa na vitufe vitatu vikubwa vya kijani, vyote vinasema pakua, na kile cha kweli ni maandishi madogo ya bluu chini kabisa. Nimekaa nyuma ya mabega ya watu wengi nikiangalia mkono unakwenda wapi, na unakwenda kwenye kijani. Desemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kwamba wahalifu hununua matangazo kwenye injini za kutafutia na kujifanya kampuni zinazojulikana. Katika ushauri wake ilipendekeza watu watumie kizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni. Kwa hiyo kizuia matangazo ni kinga, hata kama wengi wanakiona kama starehe ya kuondoa kero.

Hapa ndipo Google ilipojipunguzia. Ilibadilisha kanuni za viendelezi vyake, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin, kizuizi ambacho mafundi wengi tunakiamini, kilikuwa hakifanyi kazi tena ndani ya Chrome. Kimebaki kidogo chake, uBlock Origin Lite, chenye uwezo pungufu. Firefox imekiacha kile kikubwa kiendelee. Kwenye simu tofauti ni kubwa zaidi: Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa, Firefox ya Android inavipokea. Ikumbukwe pia kwamba Google inaishi kwa kuuza matangazo. Sisemi ilifanya makusudi kuwadhuru watu, maana yenyewe inaeleza kuwa kanuni mpya zinabana viendelezi vyenye nia mbaya, na viendelezi vya namna hiyo vipo kweli. Lakini kwenye suala la matangazo, nawapa ushindi watu wa Firefox.

Sasa tukio ambalo kambi zote zinapaswa kulikumbuka. Septemba 2023 liligunduliwa tundu katika maktaba ndogo ya programu inayosoma picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumfungulia mhalifu njia ndani ya kivinjari, na Google ilikiri kuwa tundu hilo lilikuwa tayari linatumiwa. Maktaba hiyo ilikuwa ndani ya Chrome, Edge, Opera na Brave, na ndani ya Firefox pia. Google ilitoa kiraka tarehe 11, Mozilla, wenye Firefox, wakafuata tarehe 12. Aliyehama Chrome kwenda Firefox mwezi huo hakujiokoa na lolote. Aliyeokoka ni yule aliyesasisha.

Na kusasisha, hapa kwetu, ni suala la bando.

Nenda Jamatini, hapa Dodoma mjini, mwombe mama anayeuza karanga na ubuyu akuonyeshe simu yake. Mimi hufanya hivyo mtu akiniletea simu inayofungua matangazo yenyewe. Naingia duka la programu, naangalia mpangilio wa kusasisha, na mara nyingi sana nakuta pameandikwa: kwa Wi-Fi pekee. Aliyebuni mpangilio huo alimfikiria mtu mwenye Wi-Fi nyumbani. Mama huyu ana bando la siku, na akiona data imeliwa na kitu asichokiomba, anazima data na kuiwasha pale tu anapotaka kutuma ujumbe. Simu moja niliyoishika mwezi uliopita, Chrome yake ilikuwa na mwaka mmoja na nusu bila kuguswa. Ukimwambia mtu huyo "Chrome inajisasisha yenyewe", unamwambia habari za nyumba nyingine. Wanafunzi wenye laptopu hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine. Wanaiunganisha kwa hotispoti ya simu, wanaiambia Windows kwamba intaneti hii inapimwa, nayo inaahirisha masasisho yake wiki baada ya wiki.

Wapo watakaojibu kwamba mtu akipenda usalama atalipia. Siwezi kukubali kirahisi. Bando la siku ni hesabu ya unga na mafuta, na huwezi kumlaumu mtu kwa kuchagua unga. Ninachomshauri ni kitu kidogo: akiwa na MB za kutosha, asisasishe programu zote thelathini. Asasishe mbili, kivinjari na WhatsApp, basi. Na kama ana kijana chuoni, ampe simu ile Jumamosi aende nayo kwenye Wi-Fi ya chuo.

Hapo ndipo kivinjari cha Opera Mini kinapoingia, maana sifa yake ni kubana kurasa ili zitumie MB chache. Ni kweli inabana. Lakini ikiwa katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, hutengenezwa huko, ndipo uletewe wewe. Kwa kusoma habari na matokeo ya mpira naona haina shida. Kwa benki na kwa nywila yoyote, tumia kivinjari kingine.

Kuna virusi ambavyo kivinjari hakiwezi kuvizuia kwa sababu mwenye mashine amevialika. Fleshi inayotoka kompyuta hadi kompyuta mpaka mafaili yote yanageuka shotikati, kila mtu wa steshenari anaijua. Inayonitia hofu zaidi ni Windows na Office zilizochakachuliwa. Kijana anapakua programu ya kuiamsha Windows bila leseni, maelekezo yanamwambia azime antivairasi kwanza, naye anazima. Mara nyingi kinachoingia hapo hakionekani. Mashine haizimi, haionyeshi fuvu la kichwa. Kinakusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kinachukua na vidakuzi, yaani vile vipande vya taarifa vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia, kinazituma kwa mwenyewe, kinamaliza. Kikishakuwa ndani ya mashine kinasoma hazina ya Chrome na kinasoma ya Firefox pia. Firefox ina njia ya kuweka nywila kuu inayofunga hazina hiyo, lakini katika kompyuta zote nilizozifungua Ng'ong'ona sijakuta hata moja iliyoiwasha. Kwenye simu jambo hilohilo huja kwa faili la APK, yaani programu ya simu isiyopitia duka la programu, lililotumwa kwenye kundi, mara nyingi kwa jina la mkopo wa haraka.

Sasa kompyuta ya steshenari. Siku moja nilikuwa chini ya meza nabadilisha waya wa printa. Akaingia mama kutoka Bahi na mwanawe, wamekuja kutuma maombi ya kazi kwenye tovuti ya ajira serikalini. Dada wa kaunta alimpokea vizuri, shikamoo na kiti, akamfungulia akaunti kijana, akaandika nywila. Kivinjari kikauliza kama kihifadhi. "Mama, nikuhifadhie pasiwedi, msije mkaisahau mkirudi?" Mama akashukuru. Dada akabofya ndiyo. Aliifanya kwa wema, na ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Walipoondoka niliomba kuona orodha. Ilikuwa ndefu kuliko skrini: akaunti za ajira, za mikopo, barua pepe, moja ya benki. Kwenye desktopu kulikuwa na folda ya skani yenye vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, kila kimoja kwa jina kamili la mwenyewe. Mashine ilikuwa Windows 7. Microsoft iliacha kuitunza kwa watu wa kawaida Januari 2020, na Chrome iliyokuwemo ni toleo la 109, la mwisho kukubali Windows hiyo, maana tangu Februari 2023 matoleo mapya yanadai Windows 10. Fleshi za watu huingia humo tangu asubuhi hadi usiku. Mwizi akiipata mashine hiyo moja, amepata kata nzima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kuliko shughuli inavyohitaji. Sijaona steshenari ambayo mwenye duka anafikiri sheria hiyo inamgusa. Na mwenye duka naye ana upande wake. Anaprinti ukurasa kwa shilingi 100. Kompyuta ile aliinunua mtumba, ina RAM ya GB 2, Windows mpya itaifanya ikwame. Wateja wakirudi bila nywila, foleni inasimama na wanahamia mlango wa pili. Kuzihifadhi ni huduma, kwa macho yake. Ukimwambia anunue mashine mpya, unamwambia afunge duka.

Kwa hiyo kwake nina jibu la peke yake. Hapa nachagua Firefox, kwa sababu isiyohusu ushabiki wowote: baada ya Chrome kuiacha Windows 7, Mozilla iliendelea kuitolea viraka kupitia Firefox 115 ESR, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, ikisogeza tarehe ya mwisho mara kadhaa. Ni gongo la kutembelea tu, maana Windows yenyewe chini yake bado ina matundu yasiyozibwa, na nimemwambia hivyo wazi. Lakini Firefox ina mpangilio wa kufuta historia na vidakuzi, na kumtoa mtu kwenye kila akaunti aliyoiacha wazi, pale kivinjari kinapofungwa, na unaweza kuiambia isiulize tena habari ya kuhifadhi nywila. Kwa kompyuta ya watu mia, hilo linanizidia hoja zote za vyumba na matangazo.

Wiki mbili zilizopita nilimpangia hivyo, na folda ya skani tukaifuta pamoja, yeye akisoma majina kwa sauti kuhakikisha hakuna aliyekuwa bado anasubiri. Analalamika, na ana haki: watu wanasahau, nusu saa inapotea kurudisha nywila kwa namba ya simu iliyokwisha kupotea. Ameanza kuweka kaunta vijitabu vidogo vya shilingi 500. Mteja anaandika nywila yake kwa mkono na kuondoka nacho. Mafundi wenzangu wengine hawapendi kabisa nywila kuandikwa kwenye karatasi. Mimi nimekubaliana naye. Kijitabu kilichofungwa kwenye pindo la kitenge cha yule mama wa Bahi anaweza kukiiba mtu aliye karibu naye peke yake, na zile nywila zilizokuwa ndani ya mashine ile angeweza kuzichukua yeyote, kutoka popote.