Kadi Single, Watu Sita

Jamani, hivi ni kwa nini mama wa mlangoni kwenye ukumbi wa harusi pale Njiro, Arusha, anaijua kazi kuliko geti la uwanja? Unakuja na kadi ya single, ya mtu mmoja, nyuma yako mke, shemeji wawili, jirani, na mtoto aliyevalishwa suti ili adhaniwe mpambe. Mama hapandishi hata sauti. "Baba, simama hapa pembeni kidogo." Wenye kadi zao wanapita, na wewe endelea kulia huko huko pembeni na ukoo wako. Hilo neno pembeni, hilo tu, limewashinda wenye viwanja vya mabilioni.

Si sisi peke yetu tunaobananisha watu getini. Wafaransa hao hapo. Kombe la Dunia la raga 2023, England na Argentina, Marseille, Septemba 9. Saa tatu usiku kwao, saa nne kwetu. Uwanja unabeba watu zaidi ya 60,000, tiketi zimo kwenye simu, hela ipo, treni ipo. Bado watu wakabanana nje ya mageti mpaka mpira ukaanza. Chalii aliyejilaza kwenye kochi Ngaramtoni na king'amuzi cha kuchangia alimwona Tom Curry wa England akitolewa dakika ya 3 kwa kadi ya njano, ikageuzwa nyekundu akiwa ameshakaa nje. Aliyepanda ndege kuifuata mechi alikuwa anatazama kisogo cha mwenzake. Bahati yao George Ford, wa England pia, alifunga pointi zote 27 peke yake, kidogo kidogo kama mtu anayelipa deni la duka, mechi ikaisha 27 kwa 10, hivyo hata aliyechelewa alikuta nyingine bado hazijafungwa.

Likitokea hivyo utasikia wimbo ule ule: mashabiki wamechelewa, mashabiki wamelewa, mashabiki wahuni. Kana kwamba geti lilikuwa halijaambiwa kuna mechi.

Haya, tupige hesabu, maana ni ya darasa la tano. Waingereza, ambao walizika watu kwanza ndipo wakakaa chini kuandika, wana mwongozo wao wa usalama viwanjani. Unasema mlango mmoja wa kuingilia usiuhesabie zaidi ya watu 660 kwa saa. Gawanya: sekunde tano na nusu kwa kichwa. Sasa chukua uwanja mpya wa kule Olmoti, wa AFCON 2027, watu 30,000. Tuseme milango 30 na yote inafanya kazi (cheka tu). Kwa mwendo huo inapitisha 19,800 kwa saa, uwanja unajaa kwa saa moja na nusu. Safi. Mtu akichukua sekunde 15 badala ya tano na nusu, mlango unapitisha 240, yote 30 inapitisha 7,200, na kumaliza ni zaidi ya saa nne. Mechi imekwisha, washindi wameoga.

Sekunde 15 zinatoka wapi? Mwangalie huyo aliye mbele yako. Foleni nzima amesimama, simu mfukoni. Akifika kwenye mashine ndipo anaanza kupapasa suruali. Neno siri linakataa kwa sababu kidole kina mafuta ya mishkaki. Inafunguka; tiketi imo WhatsApp, chini ya meseji 114 za kikundi cha msiba. Anaipata, kumbe amepunguza mwanga wa kioo ili kutunza chaji, na ufa wa kioo umepita katikati ya ule mraba wa kuskani. Mashine inanung'unika. Anaigeuza simu, anaifuta kwa shati. Na kuna wengine tiketi inataka intaneti ndipo ifunguke, na hapo kuna simu elfu kadhaa zinagombania mnara mmoja. Kaa na duara linalozunguka.

Akibishana na mlinzi dakika mbili tu, amekula nafasi za watu 22. Ndiyo maana nasema pembeni! Meza ya wenye matatizo iwekwe nje ya mstari, na njia ya kurudi iwepo, maana aliyekataliwa leo anarudi vipi kinyumenyume kupita watu mia tatu? Tiketi iangaliwe kwanza kwa macho mbali na geti, mita hamsini huko, asiyenayo aishie huko huko anunue mahindi ya kuchoma. Mashine ziwe na orodha ya tiketi ndani yake, mtandao ukizimika zisome tu. Vitu vya kawaida kabisa hivi.

Na walanguzi nao! Picha moja ya tiketi inauzwa kwa watu watano. Wa kwanza kufika anaingia, wanne wanaambiwa "imeshatumika", na kila mmoja anaapa kwa mama yake. Ukinunua tiketi kwa picha ya simu kutoka kwa mtu anayeitwa "Boss Tiketi", umenunua picha.

Tabia yetu ya Chuga, yaani Arusha, naijua, msinifundishe. Mechi saa kumi, watu wanatoka Kwa Mrombo saa tisa na nusu, vifodi, yaani daladala ndogo, vimeshona, wote wanashuka pamoja. Lakini nusu saa, hata kwa mwendo ule mzuri, milango 30 inapitisha 9,900. Wengine 20,100 wako nje, ndani goli linashangiliwa, na nyuma kule hakuna anayejua kuwa mbele watu hawapumui. Wa nyuma anasukuma kidogo tu. Kila mtu anasukuma kidogo tu.

Hapo mzaha unakaa kando. Hillsborough, uwanja wa soka kule England, 1989: milango saba kwa watu 10,100, yaani zaidi ya saa mbili za kuingiza. Msongamano wa nje ukatisha, polisi wakafungua geti kubwa, umati ukaelekea sehemu iliyokuwa imeshajaa. Walikufa 97. Ellis Park, Johannesburg, uwanja ule ule wa raga ambako Mandela alivaa jezi namba 6 mwaka 1995, Aprili 2001 watu 43 walikufa kwenye mechi ya soka. Na hapa Moshi, Februari 2020, watu 20 wakikimbilia mafuta ya upako. Kwenye msongamano namna hiyo wengi hawafi kwa kukanyagwa, wanakufa wamesimama, kifua hakina nafasi ya kutanuka. Ukijikuta humo, mikono kifuani kama bondia, usishindane na wimbi, subiri litulie ujisogeze kimshazari, kaa mbali na ukuta na uzio. Ndala ikivuka, iache. Simu ikianguka, iache pia, ingawa najua hamtaiacha.

Kutoka ndiyo kabisa. Mwongozo ule unataka watu watoke ndani ya dakika nane, na njia ya tambarare inapitisha watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Kwa watu 30,000 unahitaji karibu mita 46 za mageti yaliyo wazi. Wazi, nasema, si yaliyochorwa kwenye ramani. Viwanjani mwetu geti la mita sita linafunguliwa bawa moja, kwenye lile bawa jingine limeegeshwa V8 la mheshimiwa, la pembeni lina kufuli, na ufunguo anao mzee mmoja ambaye mpira ukibaki dakika kumi huenda kunywa mtori ili awahi kabla watu hawajatoka.

Yule mama wa Njiro ufunguo anauvaa shingoni. Na kwenye meza yake kuna kalamu mbili, moja ikiisha wino.