Kibao kisichorudi mahali pake

Hiki kibao cha mbao kinachowekwa kwenye mashine ya kukatia nyama nyumbani kinanikera kwelikweli. Kazi yake ni kukaa chini ya kisu, kupokea vipande, kisha unakichomoa na kumalizia kukata juu yake. Wazo zuri sana. Lakini nafasi ya kukichomeka imebana kana kwamba mbao hazivimbi! Mbao hunywa maji, tena hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu. Ukishakata nyama mbichi lazima ukioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kesho yake hakiingii. Ukikilaza kikauke upande mmoja tu, kinapinda, na kibao kinachoyumba chini ya kisu ni hatari.

Mimi hukisimamisha wima kipate hewa pande zote, kikikauka nakipaka mafuta ya madini yanayofaa kwa vyombo vya chakula (ya kupikia huchacha yakanuka). Inasaidia kidogo. Ila jamani, mbona watengenezaji wasiache mwanya wa milimita 2 tu? Kijitabu kinasema nisikiloweke. Sikiloweki, nakiosha tu, na bado kinakwama!